Mama Deo na Hesabu za Saa Kumi

Ndugu waombolezaji, mimi Deo, kwa niaba ya familia, naomba utulivu wenu niwasomee maisha ya mama yetu, Marselina.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kidete, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Nilikuwa nimeandika kwamba alihitimu vizuri, akanifutisha mwenyewe akiwa kitandani, akataka watoto wausikie ukweli, kwamba alifeli, na kilichomfelisha ni hesabu.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Vitalis, wakahamia hapa Kidodi, wakalima miwa, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2018 mjukuu wake Magreth, binti yangu, akiwa darasa la tano, aligoma kwenda shule kwa sababu ya hesabu za sehemu, nasi wazazi, bila aibu, tukasema ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu na tuisheni hatuiwezi. Mama alikasirika sana, akazunguka wiki mbili kutafuta wa kumsaidia bure, mpaka akampata Mwalimu Yassin, mstaafu wa Ruaha, aliyekuwa tayari kufundisha ila miguu haikumruhusu kutoka nyumbani. Basi akaenda kusoma yeye. Kila asubuhi, na miaka yake sitini, alibeba hesabu zilizomshinda mtoto, akafundishwa, na saa kumi jioni akaja kufundisha barazani, kwanza Magreth, kisha watoto wa majirani, wakafika thelathini. Akikwama aliwaambia waziwazi kwamba hapo hata yeye hajui, lakini kesho atakuwa anajua. Magreth alifaulu darasa la saba mwaka 2020.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Kilosa na baadaye Morogoro, na alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, akatutoka. Imetuuma mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, wakulima wenzake wa miwa, na Mwalimu Yassin aliyeshindwa kufika. Watoto wameniuliza tangu juzi kama ndiyo basi. Hapana. Hesabu zilinishinda mimi pia, lakini kuanzia Jumatatu asubuhi nitakuwa Ruaha kwa mwalimu, na saa kumi mtanikuta barazani.

Mama, umechoka kwa haki, pumzika sasa kwa amani.