Dizeli ya Lori la Taka

Benchi la Kalicha, mama wa kahawa, liko nyuma ya soko la Isiolo, pale kivuli cha ukuta kinapofika mapema. Kwa wiki tatu lilikuwa limetazamana na lori la taka la manispaa. Lori lilikuwa zima, ila manispaa haikuwa na pesa ya dizeli. Dereva wake, Emanikor, alikuja kila asubuhi na ovaroli iliyofuliwa, akapangusa kioo, akaketi na wenzake huku rundo la taka likizidi kupanda kando ya meza za mboga. Aliona haya kana kwamba ni yeye aliyekunywa hayo mafuta.

Siku hiyo Umuro, dalali wa mbuzi waliyemwita Waziri, alieleza kwamba mji umekauka kwa sababu unatoza watu wadogo. Ungetoza ngamia wanaovuka barabara, tena kwa kila mguu wa ngamia, ungejenga hata uwanja wa mpira. Mwirigi muuza miraa, ambaye kijiweni ni Profesa, akaona ngamia hawatoshi. Ushuru uko kwa ndovu.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndovu amekula mahindi ya wakulima wa Burat miaka mingapi, na hana leseni?

— Risiti utampatia wapi? aliuliza Kalicha.

— Si ako na mkonga?

Umuro akaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana rundo limefika pale. Walicheka, isipokuwa Emanikor.

— Watoto wangu huniuliza leo nimeendesha wapi, alisema polepole. — Nawaambia Oldonyiro. Nawaambia Gotu. Na mimi nimeshinda hapa.

Kicheko kilikatika. Umuro alivua kofia, akatia noti ndani, akaipitisha. Kalicha alitoa mauzo ya asubuhi. Kofia ilizunguka mpaka kwenye meza za mboga, na kabla ya adhuhuri lori lilinguruma. Emanikor alienda jaani kumwaga taka mara tatu. Kila alipopita sokoni alipiga honi bila sababu, na akina mama wakampungia mikono.

Aliporudi, kijiwe kilimpokea kama bwana harusi. Profesa alitangaza kwamba serikali ni wao sasa.

Akaja mama mmoja amebeba mtungi wa maziwa ya ngamia. Akasalimu, salaam aleikum, wakaitikia. Alisema anaitwa Sabdio, ameanza kuuza pale juzi tu, na hata yeye alitia kitu kwenye kofia.

— Nauliza tu, alisema. — Wiki ijayo lori itatembea na nini?

Umuro alifungua mdomo, na kila mtu akangoja ngamia wake. Akaufunga. Emanikor alijua mafuta yaliyobaki yangemfikisha jaani mara moja, labda.

Alisogea kwenye benchi, akapigapiga kwa kiganja nafasi ya Sabdio.

— Keti, mama, alisema. — Tufikirie pamoja.