Ubeti Ulioachwa Wazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kama sisi. Shehe wetu na walimu wa madrasa. Mwenye kiwanda cha uchapaji na vijana wako. Walimu wa shule mliotupa ukumbi huu. Ndugu, jamaa na majirani. Na ninyi mawifi wenzangu, mliochagua viti vya nyuma ili mnong'one kwa raha: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Mimi ni msusi, na msusi hamalizi mazungumzo kabla kichwa hakijaisha, lakini leo nitajitahidi. Aliyetukutanisha hapa ni mke wa marehemu kaka yangu, fundi cherehani mnayemwita Mama Mizani, na diwani yake iliyopangwa pale mezani ndiyo mliyoifuata, si mimi.

Wangapi humu mmevaa nguo alizoshona yeye? Nyosheni mikono. Haya, shusheni upesi, msije mkafumua mishono mkatuharibia sherehe.

Chumba changu cha ususi na chumba chake cha kushonea vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na kupitia ukuta huo nimemsikia akitunga tangu alipoolewa kwetu. Wengine hutunga kwa kalamu. Wifi yangu hutunga kwa mguu. Mizani nane za mshororo ni mikanyago minane ya pedali, kisha kituo, kisha minane mingine, na mshororo ukipungua huurudia hadi utimie. Sare za watoto wenu zimeshonwa kwa tenzi, na hamkujua. Na kila utenzi aliufungua kama tulivyorithi: ubeti wa kwanza ni wa kumsifu Mungu, ndipo mtunzi aingie kwenye jambo lake. Hakuwahi kuuruka.

Kisha kaka yangu akaugua. Tuliomba. Nani humu hakuomba? Wifi yangu alisali hadi magoti yakavimba, akaamini, nasi tukaamini kwa kuwa yeye ameamini. Kaka yangu akafa. Nasema hivyo hivyo bila kupamba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alipotoka eda aliketi kwenye cherehani kumtungia mumewe utenzi, na mguu ukagoma kwenye ubeti wa kwanza. Hakuwa na sifa ya kumpa Mungu. Hasira alikuwa nayo, shaka alikuwa nayo, na sifa ya uongo hakuitaka. Basi akauacha ubeti wa kwanza wazi. Akaja madrasani mbele ya kina mama, akasimama kimya kwa muda ambao ubeti mmoja husomwa, ndipo akaanza na wa pili:

Nimebisha hodi kwako,
Mlango ni ule wako,
Hata leo kimya chako
Ndicho ninacholalia.

Wapo waliolia. Wapo walioguna. Wapo waliosema huyu kakufuru, na baadhi yao leo wamewahi viti vya mbele. Karibuni sana, chai ipo.

Maneno ya watu yangepita. Lakini hata mwezi haujaisha, mwanawe akashikwa na homa kali, akalazwa, na wifi yangu akaamua kwamba hilo ndilo jibu la shairi. Aliniambia wodini, macho makavu: "Wifi, nimemvunjia Mungu adabu, na ameniitikia kwa mtoto." Nilibishana naye hadi muuguzi akanitoa nje. Mtoto alipona. Yule pale, shati la bluu, afya tele, na bado anatafuta mchumba. Mama yake ndiye hakupona. Aliichoma karatasi, akaapa kutotunga tena, na ili mguu usije ukamponza, akafungua mkanda wa cherehani na kufunga mota ya umeme.

Mnajua ilivyokuwa upande wangu wa ukuta? Mngurumo mmoja mrefu usio na kituo, mwaka hadi mwaka. Iliniuma sana. Sala hakukosa hata moja, ila alisali kama mshtakiwa anayeripoti kituoni: anafika, anaonekana, anaondoka, na moyo haujatulia. Je, hiyo ndiyo imani tuliyomtakia, sisi tuliomnyooshea vidole?

Na shairi lenyewe? Karatasi iliungua, lakini kina mama walikuwa wameshalihifadhi. Siku moja akaketi kwenye kiti changu mteja mgeni kabisa, mkunga kutoka mtaa wa mbali. Alikuwa akijiimbia chini chini, kama wanavyofanya wengi nikiwasuka, mara akanyamaza, kimya cha makusudi, kisha akaanza taratibu, "Nimebisha hodi kwako." Aliyemfundisha shairi alimfundisha na kimya chake!

Niliupiga ukuta kwa ngumi. Wifi yangu akaja mbio na tepu ya kupimia shingoni, akidhani nimeungua na maji ya moto. Nikamwomba yule mkunga arudie, akarudia, kimya kwanza, beti baadaye. Kisha akatueleza kwamba alipomzika mwanawe aliukunja msala akauweka juu ya kabati, na kwamba shairi hilo ndilo lililomfanya aushushe, kwa kuwa lilimwonyesha kuwa hata mwenye kinyongo anaruhusiwa kusimama mlangoni. Hakujua anaongea mbele ya nani. Wifi yangu aliketi chini pale pale, juu ya nywele za wateja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akilia.

Kesho yake alikwenda kwa Shehe wetu huyu, kuuliza kama kuna toba inayotosha kwa shairi kama lile. Shehe alimwambia alisome lote, na kimya chake, naye akalisoma. Kisha akamjibu: "Mama, mtu habishi hodi kila siku kwenye nyumba anayoamini haina mwenyewe."

Shehe, hutuba zako nyingine ni ndefu, nasema kwa heshima. Kwa ajili ya hiyo fupi tumekusamehe zote. Jioni ile nilikuwa nafagia nikasikia mguu: minane, kituo, minane, kituo. Mota ilikuwa imefunguliwa, mkanda umerudi mahali pake. Nilicheza peke yangu na fagio, na sioni haya kulisema mbele ya mgeni rasmi.

Diwani hii imetoka kwenye pedali hiyo. Vijana wa kiwandani walipoona nafasi tupu juu ya shairi, wakalisogeza juu, tukalirudisha. Wakachora ua, tukaling'oa. Mwishowe mwenye kiwanda akaja mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akamshauri wifi yangu auandike tu huo ubeti wa sifa, maana sasa anasali kwa raha na sifa anazo tele. Kwa nini basi asipajaze? Wifi yangu alizima pasi, akamjibu: "Leo ninao. Siku ile sikuwa nao. Nikiuweka pale, nitakuwa namdanganya Yule aliyekuwepo."

Ndugu zangu, huo ndio ushindi tuliokuja kuushangilia. Mwanamke aliyedhani shaka yake imemfukuza mlangoni amegundua kwamba alikuwa mlangoni siku zote, na sasa amesimama hapo kichwa juu, na kitabu mkononi.

Asubuhi ya leo ameniomba nilisome mimi shairi hilo, eti miguu inamtetemeka. Nimekataa. Mguu uliotunga ndio utakaosimama. Wifi, njoo. Kaka yangu hayupo kukushika mkono. Mwanao atakushika, na mimi niko nyuma yako kama nilivyokuwa nyuma ya ukuta.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Nina ombi moja tu kabla sijaketi. Akifika hapa akanyamaza, msikohoe, msimpigie makofi ya kumtia moyo, wala msidhani amesahau. Atakuwa ameshaanza kusoma.