Kifaa cha Kupima Kiu

Basi lilipoiacha Bukoba, ukungu wa ziwani ulikuwa bado umelalia vioo, na Renatha alikuwa nusu usingizini. Sauti za kiti cha mbele ndizo zilizomrudisha.

Kijana mmoja, Wilbert, alikuwa amepakata kifaa chenye waya. Alimweleza bibi aliyeketi naye kwamba anakwenda Ngenge kwa mafunzo ya vitendo, kwenye utafiti wa umwagiliaji, na kwamba kifaa kile ukikichomeka ardhini kinakwambia udongo una kiu kiasi gani.

"Basi kilete kwangu Kamachumu," alisema bibi. "Kiangazi kibanja chote hukauka, isipokuwa migomba iliyo karibu na kaburi la mume wangu."

Renatha akaiona akilini migomba hiyo, mibichi, ikipumua ndani ya ukungu. Wilbert yeye aliona chemchemi. "Chini kuna maji, bibi."

"Yanatoka juu, mwanangu. Kila asubuhi nammwagia kibuyu. Alikufa akiniomba maji, na daktari alikuwa amekataza."

Kijana akakigeuza kifaa chake mapajani. "Nikija kupima, itabidi uache kummwagia kwa wiki nzima."

Basi likasimama njia panda ya Kamachumu. Bibi akashuka taratibu, akageukia dirisha.

"Njoo tu. Ila hilo la kusubiri, utamwambia wewe mwenyewe."