Michoro Mia Nne na Kumi na Miwili ya Daktari Badibanga

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa Kindu mtaa wa Kasuku na mlioko ng'ambo ya mto, hebu vueni viatu kidogo. Angalieni vidole vyenu. Daktari Badibanga Ngoyi, aliyetutoka Jumanne, angeanza hapo hapo. Binti yake Clémentine anasema, "Papa alikuwa anaangalia muntu miguu kwanza. Sura, ni nyuma."

Daktari Badibanga alikuwa mpasuaji wa miguu. Wengine walimcheka. Msomi mzima, anainamia visigino vya watu! Yeye hakujali. Alitoa kucha zilizoingia nyamani, alikata sugu, alinyoosha vidole gumba vilivyopinda. Wagonjwa wake walikuwa watu wa reli na wachimbaji wa Pangi, na wote walimjia na maumivu yaleyale. Akajiuliza kwa nini.

Akaanza kuchora. Mgonjwa anakanyaga karatasi, daktari anazungusha kalamu pembeni ya mguu. Alichora miguu mia nne na kumi na miwili, wasikilizaji. Mia nne na kumi na miwili! Michoro ikamwonyesha kwamba mguu uliokua peku hupanuka mbele, na mabuti ya kazi yaliyokuwa yakifika Kindu yalikuwa membamba mbele. Mguu haukuwa na kosa. Mwaka 1976 karakana moja ya viatu ya Kinshasa ikamwandikia: lete michoro, tujaribu kushona mabuti mapana.

Lakini karatasi ilikuwa taabu. Hospitali haikuwa nayo hata ya kuandikia dawa. Muuguzi wake, Onema, alipata rundo la kalenda za Chama za mwaka uliopita, nyuma nyeupe kabisa. Wakachora nyuma. Kazi iliwanogea, wala hawakuwaza kwamba upande uliolala sakafuni una picha ya mkubwa wa nchi. Asubuhi moja mgonjwa akaigeuza karatasi yake. Mnaoikumbuka enzi ile mmeshaelewa. Daktari anawakanyagisha watu picha ya Mkubwa! Kabla ya saa sita alikuwa mikononi mwa askari.

Onema alikimbia mpaka kwa mke wa daktari, Mama Ntumba. "Mama, docteur wamemukamata! Wanakuja kutafuta makaratasi ingine!" Michoro yote ilikuwa chini ya kitanda. Mama Ntumba akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akaichoma mmoja mmoja. Askari walipofika walikuta sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikichemka.

Karatasi ile moja ya hospitali haikutosha kumfunga. Baada ya wiki tatu daktari aliachiwa, kwa sharti: asitoke Kindu. Asipande treni, asipande mtumbwi, na kila Jumatatu akatie sahihi ofisini. Alirudi amekonda vibaya. Neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa, "Miguu yangu iko wapi?" Hivyo ndivyo alivyoiita michoro yake. Mama Ntumba akashindwa kumvunja moyo. "Iko Lokandu, kwa dada yangu. Nilituma."

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Ntumba ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mmoja. Lokandu si mbali, ukifuata mto tu unafika, lakini mumewe hakuruhusiwa kufika. Kila Jumatatu alirudi kutoka ofisini akisema, "Haizuru, mama. Miguu iko salama." Naye mama anageukia sufuria. Kila Jumatatu aliomba kifungo kile kiishe. Kila Jumatatu aliogopa kwamba kitaisha.

Mwaka 1987 kikaisha. Majirani walicheza uani. Daktari alisema, "Kesho tunaenda Lokandu." Asubuhi, mizigo ikiwa imeshapakiwa mtumbwini, Mama Ntumba alishindwa kupanda.

"Papa Clémentine, hakuna kitu iko Lokandu. Nilichoma."

"Yote?"

"Yote. Siku ile ile. Niliogopa watakuua."

Mwenye mtumbwi akaita mara mbili. Maneno yaliyofuata tuliyapata kwa Mama Ntumba mwenyewe, juzi, akilia: "Alisema, 'Miaka kumi na moja tulikuwa wafungwa wawili ndani ya nyumba moja, na mimi nilizani niko peke yangu.' Akanishika mukono, tukarudia nyumbani."

Wiki ile ile daktari alianza upya, akiwa na miaka sitini na miwili. Karakana ya Kinshasa ilikuwa imefungwa zamani. Alichora hata hivyo, mpaka vidole vikakataa kushika kalamu. Alifika mchoro wa mia tatu na sabini na moja. Mabuti mapana hakuyaona.

Mama Ntumba, Clémentine, na nyinyi nyote wa nyumba ya Badibanga, poleni sana. Sisi wa redio tunalia pamoja nanyi. Mazishi ni kesho saa nne. Onema anaomba wote waliowahi kutibiwa na daktari waje kwa miguu.

Na wewe unayetusikiliza, huenda kuna jambo ulilomficha mtu wa nyumba yako, tena kwa kumpenda. Mama Ntumba ametuomba tukuambie hivi: usingoje afunguliwe. Mwambie leo, angali amekaa mbele yako.