Vifungo Sita vya Wifi

Mchungaji, ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungo mpaka jina lake la ubatizo likawapotea, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu na muuza maziwa, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akajifunza ushonaji kwa masista miaka miwili, na tarehe 4 Januari 1969 akaweka cherehani yake katika chumba cha mbele, mkabala na mochwari, ambako kwa zaidi ya miaka hamsini alishona sare, mapazia, na hasa mavazi ya marehemu. Mafundi wengine huliacha vazi la marehemu wazi mgongoni ili kumvalisha kuwe rahisi, lakini yeye alikataa katakata, alishona mgongo mzima na kuutia vifungo sita, na wahudumu wa mochwari walipomlalamikia kwamba anawatoa jasho bure, maana nani atamgeuza maiti amkague, aliwajibu, "Nyie mnamvalisha wa kulala, mimi namvalisha wa kuamka. Siku hiyo atasimama mbele ya Hakimu, na nyuma yake kuna watu wamepanga foleni."

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971 na fundi umeme, baba yetu, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa. Siku ya harusi, wifi yake, dada mkubwa wa baba, alisema mbele ya wageni kwamba bibi harusi amejishonea gunia, na wawili hao, waliotenganishwa na ukuta mmoja tu, hawakusalimiana tena. Wifi alipofariki tarehe 2 Juni 1998, vazi lake lililetwa kwa mama, naye akalishona, mgongo akauacha wazi, akasema muda umembana, ilhali alikuwa na siku mbili nzima.

Hilo hatukulijua. Alilikiri mwenyewe alipolazwa kwa saratani ya kongosho tarehe 11 Januari 2024, na bintiye wa mwisho, anayewasomea haya, alimsihi libaki siri ya nyumbani, lakini mama akamwambia, "Liandike na ulisome, mwanangu. Siku ile litasomwa hata hivyo, bora walisikie kwako kwanza." Binti, ambaye hajui kukaa na swali moyoni, akamwuliza kama haogopi hukumu, akajibiwa kwamba Hakimu alishaombwa msamaha na ameshasamehe, anayemtia wasiwasi ni wifi.

Akaagiza kitambaa cheupe na daftari lake la vipimo la 1998, akaanza kushona kwa mkono kipande cha mgongo cha wifi, binti akimtungia uzi kwenye sindano. Binti alipomkumbusha kwamba wafu watafufuliwa na miili mipya, na Mungu mwenyewe ndiye atakayewavika, alisema, "Najua. Ila wifi namjua pia, akiniona nimekuja mikono mitupu hataniitikia." Kifungo cha sita alikitia tarehe 20 Februari, na tarehe 22, saa tisa alasiri, akafariki, zikiwa zimebaki siku kumi na sita atimize miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliopokezana zamu kando ya kitanda, mafundi cherehani wenzake, na kipekee wahudumu wa mochwari, ambao jana walifunga vifungo vyote sita vya vazi lake bila kunung'unika.

Mama, kile kipande kiko chini ya mkono wako wa kulia, tumekikagua, hakuna uzi uliolegea. Pumzika kwa amani mpaka utakapoitwa, na ukiamka, wifi yako yuko kaburi la pili kushoto kwako.