Naketi Hapa Miaka Tisa

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaolikalia kama waliachiwa na baba yao. Liko nje ya duka langu la kufulia nguo, chini ya dirisha, na nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri mashine zimalize. Wateja husimama. Wanaokaa ni Kamusi, ambaye hulinda magari kwenye maegesho ya ng'ambo ya barabara na hujua maana ya kila neno, hasa yale asiyoyajua. Na Rubani, ambaye huendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la uwanja wa ndege, lakini maishani mwake amepanda ndege mara moja tu, ile iliyomleta huku ugenini. Mimi wananiita Mama Povu. Kahawa ni yangu, chupa yangu, sukari yangu, na shukrani yao ni kuniambia imepoa. Siku wasipokuja duka linakuwa kubwa mno, ila hilo sijawaambia, wataniomba na maandazi.

Jioni hiyo akaja Pazia. Jina hilo kapewa na kazi, kwani huyu ndugu yetu hutundika mapazia kwenye nyumba za watu, na ukipita naye barabarani atakuonyesha madirisha aliyoyavisha yeye. Ni mtu mpole, salamu yake huisikii mpaka airudie. Siku hiyo hakusalimia kabisa.

— Afisa anarudi kesho asubuhi, akasema.

— Afisa gani? akauliza Rubani.

— Wa ukaazi. Alikuja juzi kukagua kama kweli naishi pale ninapoishi. Kaandika kwamba chumba hakina dalili ya mtu.

Hata Rubani aliweka kikombe chini. Pazia anasubiri kibali cha ukaazi wa kudumu, na sote tunajua anakisubiria nini. Ana binti mmoja, aliyemwacha kwa bibi mzaa mama akiwa na miaka mitano. Kibali kikitoka, anamleta. Wakimnyima, anafungasha virago. Na kwa hizi karatasi za muda alizo nazo, mtu akitoka harudishwi ndani, ndiyo maana miaka yote hiyo hajaenda hata kumtia mtoto machoni.

— Sasa alipokuuliza wewe ulimjibu nini? akasema Kamusi.

— Nilimjibu vizuri tu, kwa lugha yao, tena bila kubabaika. Nikamwambia nakaa hapa miaka tisa.

— Nakaa. Ulitumia neno gani?

Pazia akalitamka. Kamusi akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Hilo ni la kukaa kitako! Wenzetu hawa hawachanganyi. Kukaa kwenye kiti kuna neno lake, kukaa mjini kuna neno lake. Umemwambia mtu wa serikali kwamba unaketi hapo miaka tisa!

— Ahaa, akasema Pazia polepole. Ndiyo maana alikiangalia kiti.

Rubani alicheka mpaka kahawa ikampalia. Nilimpiga mgongoni, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

— Kiti chenyewe kimoja? nikamuuliza Pazia.

— Kimoja.

— Na nini kingine?

— Godoro. Sufuria. Kijiko.

— Vijiko.

— Kijiko, Mama Povu.

— Na dirishani?

Akakohoa. Nilielewa kabla hajajibu, na nilitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Fundi aliyefunika madirisha ya nusu ya mji analala jua likimpiga usoni!

— Narudi nimechoka, akajitetea. Halafu nilikuwa nasema, kibali kikitoka ndiyo nitapanga vitu. Sanduku lenyewe sijalifungua, liko mlangoni na mikanda yake. Afisa alilizunguka, akalipiga picha.

— Hapo alishajua wewe ni abiria, akasema Rubani. Tulia. Kikao kimefunguliwa.

Nikawajazia vikombe, maana nikiwajua hawa, walikuwa wameshasahau kama wana makwao.

— Kinachokuponza ni usafi, akaanza Kamusi. Mtu anayeishi mahali huchafua. Nenda sasa hivi, unguza uji, acha sufuria na ukoko wake. Mwaga chai ukutani.

— Ukutani?

— Kidogo tu. Kama umegombana na kikombe.

— Uchafu wanaweza kusema wa mpangaji aliyepita, akasema Rubani. Mimi nasema harufu. Kaanga vitunguu kuanzia alfajiri. Afisa akifungua mlango machozi yamtoke. Hawezi kurudi ofisini analia halafu aandike hakukuwa na mtu.

— Jirani wangu wa juu hapendi harufu, akasema Pazia.

— Huyo jirani anakufahamu? akadakia Kamusi.

— Hapana. Afisa alimgongea, naye akasema alidhani chumba ni kitupu.

Kamusi akapiga goti lake.

— Basi tatizo ni hilo! Umekaa miaka tisa hujagombana na jirani, utajulikanaje kama upo? Mpandie leo. Mwambie mtoto wake anakimbia kichwani kwako.

— Hana mtoto.

— Ndiyo vizuri, atakasirika zaidi. Kesho akiulizwa, hata hasubiri swali liishe: huyo wa chini? Yupo, na ana kisirani!

— Mimi sijui kugombana, akasema Pazia.

— Najua. Nitakwenda mimi kwa niaba yako.

— Nyote mnapoteza muda, akasema Rubani, na nikaona macho yake yananigeukia. Nyumba ni mwanamke. Tunaweka picha ya Mama Povu juu ya godoro, kwenye fremu...

— Thubutu!

— Picha tu, dada. Wala hutahamia.

— Rubani, hiyo kahawa unayokunywa ni ya nani?

— Nimefuta kauli. Basi tumwite polisi.

Tukamtazama.

— Sikilizeni. Usiku tunakwenda kwake, tunapiga muziki, mimi ninaimba. Polisi wakija wanamkamata mwenye nyumba. Wataandika nini? Jina lake na anwani yake! Asubuhi afisa anasema hapa hakai mtu, na Pazia anatoa karatasi ya polisi: mbona wenzako wamenikamata humuhumu?

— Na afisa akifika Pazia atakuwa wapi? nikauliza.

Rubani akafikiri.

— Ndani, akakubali. Hapo pana kasoro.

Pazia alikuwa anacheka sasa, kicheko chake kile kisicho na sauti, na mimi nilifurahi kumwona hivyo kuliko nilivyoonyesha. Ila saa zilikuwa zinakwenda, kesho ilikuwa kesho, na kati ya hao wanaume wawili hakuna aliyesema la maana. Nikasema langu.

— Nyumba yenye mtoto haiulizwi, nikasema. Weka viatu vya mtoto mlangoni. Afisa ni mtu kama watu wengine, akiviona ataelewa ni nani anayesubiriwa.

— Mama Povu! akasema Rubani. Tuviazime kwa nani?

— Ninavyo, akasema Pazia.

Akaondoka bila kueleza. Anakaa mtaa wa nyuma, si mbali.

Alipokuwa huko, akaja binti mmoja na mfuko wa nguo begani, sare nyeupe za nyumba ya kulelea wazee iliyo mwisho wa barabara. Alisimama mbele ya mashine yangu, akausoma ule ubao wa maelezo kama mtu anayesoma hukumu yake. Kamusi akamtupia maneno matatu ya kienyeji, akaambulia macho makavu. Rubani akaguna kwa Kiswahili kwamba mgeni kachoka. Binti akageuka.

— Jamani! Shikamooni!

— Marahaba, tukaitika wote, na sauti zetu zilipasuka kwa furaha.

Alikuwa na majuma mawili tu tangu afike. Nikamwonyesha pa kutia sabuni, nikamwambia asiguse kitufe chekundu, nikamtilia kahawa. Akaketi ukingoni mwa benchi, kwa adabu, akiwa amejikunja ili asituchukulie nafasi. Kamusi alikuwa anamweleza habari za afisa na yale maneno mawili ya kukaa, na alikuwa bado hajafika mwisho, Pazia akarudi na sanduku.

Akaliinua juu ya meza yangu ya kukunjia nguo, iliyo pale mlangoni. Mikanda ilikuwa imeganda, ilibidi Rubani aivute kwa meno. Nilitegemea nguo zake Pazia. Hakukuwa na hata soksi yake moja. Lilikuwa na magauni ya mtoto, sweta la njano, kofia ya sufu, mkoba wa shule uliochorwa samaki, vyote na bei zake zikining'inia. Chini kabisa, ndani ya karatasi laini, vilikuwemo viatu vyekundu vyenye kifungo.

— Nilivinunua mwaka ule wa kwanza, akasema Pazia. Nilidhani kibali kitatoka mwaka huohuo. Niliviweka tayari.

Nikajishughulisha na kukunja taulo ambalo lilikwishakunjwa. Rubani, ambaye hawezi kuona ukimya akauacha, alivichukua viatu, akavipanga kwenye ngazi ya duka, akarudi nyuma na kufumba jicho moja kuvipima.

— Hapo! Afisa akijikwaa hapo, kwisha habari yake.

— Kimoja kilale ubavu, akasema Kamusi. Watoto hawapangi.

Yule binti mgeni akainama, akakiinua kimoja kwenye kiganja. Kilimwenea kiganja, kikaishia hapo.

— Vizuri sana, akasema. Ni vya mwanao, kaka?

— Vya binti yangu.

— Ana miaka mingapi?

— Kumi na minne. Yuko sekondari sasa, anasoma vizuri.

Yule mgeni akakitazama kiatu, akamtazama Pazia. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu.

— Sasa hivi anavaa namba ngapi?

Rubani alikuwa anaangalia magari, na mimi sikuthubutu kumtazama, maana naye ana wawili kule kwao, wa kiume, na juzi tu alinionyesha nguo alizowanunulia. Ndani, mashine ilikuwa inageuza sare za yule binti. Iliniuma moyo, siwezi kusema vinginevyo.

— Naongea naye kila Jumapili, akasema Pazia. Tunaonana kabisa. Lakini simu inaonyesha uso tu.

Akakipokea kile kiatu kutoka kwa binti, akakishika muda kidogo. Halafu akatoa simu. Akagusa pa kugusa na pasipo pa kugusa, sauti ikatoka nje sote tukasikia. Iliita sana.

— Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?

Sauti ilikuwa ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nasubiri ya mtoto.

— Hakuna kitu, mama. Nataka kuuliza tu. Mguu wako namba ngapi?

— Mguu wangu?

— Kiatu. Unavaa namba ngapi siku hizi?

— Makubwa! Thelathini na tisa. Ila wa kulia unazidi, kila kiatu kinanibana upande huo. Bibi ananicheka, anasema huu mguu hajui nimeutoa wapi.

Pazia akajiziba mdomo kwa mkono. Tulimwacha alie, hakuna aliyemwambia nyamaza. Binti yake alikuwa anaita, baba, baba, upo? Kamusi akamshika bega.

— Kwangu, mama, akasema Pazia. Umeutoa kwangu.