Mama Uko na Mafaili ya Watu wa Bondeni

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1959, mtoto wa tatu wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alikuwa mtoto wa mawazo ya mbali. Ukimtuma chumvi, alirudi na kisa kirefu cha mawingu aliyoyaona njiani, na chumvi kaisahau dukani. Mama alimgombeza mpaka akachoka, akaishia kucheka.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu chuo cha utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka uliofuata aliajiriwa masjala ya idara ya viwanja, na humo ndimo mvi zilimomkuta.

Idara ilikuwa imeingiza kwenye diski majina ya familia zilizohamishwa bondeni kupisha bwawa, kila familia na kiwanja ilichopewa. Diski zikafungiwa kwenye sefu, ufunguo akakaa nao mkurugenzi. Halafu, katika kusafisha stoo, wakaipiga mnada mashine pekee iliyoweza kuzisoma. Hakuna aliyeshtuka mpaka mwaka 1991, mjane mmoja wa bondeni alipokuja kudai kiwanja chake kilichovamiwa. Dada yetu alizunguka mtaa kwa mtaa hadi akaikuta mashine ile kwenye kibanda cha fundi redio, imefunikwa kitambaa, juu yake kikombe cha chai.

Fundi alikubali kuifufua. Kila alasiri dada alikwenda na diski zake, wakakaa bega kwa bega wakingoja kioo kiwake, redio za watu zikiimba chinichini. Diski nyingi zilisomeka. Nyingine zilikuwa tupu kabisa, na jina la yule mjane halikuonekana tena. Alilia pale pale kibandani, na fundi akazima redio zote.

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992. Siku hiyo shemeji yetu alikiri mbele ya wakwe: "Mashine ilipona siku ya kwanza. Aliyekuwa akiichelewesha makusudi ni mimi."

Tangu kisa cha mjane, kila mwezi mpya dada alifungua mafaili ya zamani moja baada ya jingine, akiyanong'oneza, "Uko?" Likifunguka, alitabasamu na kwenda kwa linalofuata. Wenzake wakamwita Mama Uko. Hata nyumbani alisimama mlangoni pa chumba cha watoto na kuuliza vilevile, na binti yake akajibu, "Niko, mama, niache nilale." Mashine mpya zilipoingia, aliyahamishia humo mafaili yote. Alistaafu mwaka 2019, lakini kila mwezi mlinzi aliendelea kumfungulia geti, maana hakuna mtu mwingine aliyepangiwa kazi hiyo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, na Novemba akalazwa. Mkurugenzi wa sasa alikuja kumjulia hali.

"Pumzika, Mama. Siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo."

"Na nani anafungua kuangalia kama kinasomeka?"

"Mfumo wenyewe."

"Baba, mfumo hauwezi kumtambua mjane. Nipe mtu. Nitamfundisha hapa hapa kitandani."

"Tutalifanyia kazi, Mama."

Tuliowahi kukaa kwenye foleni za ofisi tunalijua jibu hilo. Dada alimngoja mtu huyo. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, aliinua kichwa. Wiki za mwisho alimsimulia binti yake ndoto moja: bweni refu lenye mwanga wa asubuhi, mafaili yamelala kwa mistari, naye anapita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Uko?" Mengi yaliitika. Kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hakikuwa na mtu.

Alifariki Jumatano, tarehe 15 Februari 2023, mchana, mkono wake mkononi mwa mumewe. Inatuuma sana.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu, mdogo wake anayewasomea wasifu huu, na familia za bondeni ambazo viwanja vyao havijaulizwa hali tangu alipolazwa. Mkurugenzi yuko nasi, mstari wa pili, na tunamshukuru kwa kuja.

Dada yetu apumzike kwa amani. Mafaili yake msiyaache yapumzike.